Jina Ambalo Bibi Hakulitaja

Naanza kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu si mzuri, na mpaka namaliza darasa la saba mwalimu wa Kiswahili alikuwa bado ananipigia mistari myekundu ukurasa mzima. Tena naandika polepole. Naandikia mashineni, juu ya gunia, kati ya mteja na mteja, na unga unatua kwenye karatasi kabla wino haujakauka. Ukikuta herufi haionekani, rafiki yangu, ipulize kidogo. Huenda iko chini ya unga.

Mimi ni kijana wa mashine ya kusaga hapa Korogwe. Si mtu wa maneno. Wapo wateja wanaonijua mwaka wa pili huu na hawajasikia kwangu zaidi ya "weka hapo" na "tayari". Lakini wiki iliyopita alikuja bibi mmoja mfupi, simjui, amejitwisha ndoo ya mahindi. Foleni ilikuwa ndefu. Akawapita watu wote, akaja mpaka niliposimama, akaitua ndoo miguuni pangu na kusema, "Mgosi wangu, nianze mimi, nimeacha moto unawaka."

Watu wakacheka. Mgosi kwa Kizigua ni mwanaume, na siku hizi vijana wa Tanga yote tunaitana hivyo barabarani, kama salamu tu. Lakini mgosi wangu ni mume wangu, na likitoka kwa mwanamke mwenye mvi si salamu. Nilinyoosha mkono nikazima mashine. Mpaka leo sijui kwa nini niliizima. Ilikuwa miaka minne sijaitwa hivyo.

Nilikulia Sindeni, upande wa Handeni. Nyumba yetu ilikuwa upande mmoja wa uwanja, ya bibi upande wa pili, na katikati kuku, mbuzi, na jiwe la kunolea majembe. Bibi ni mama wa baba yangu. Alizaliwa Vugiri, juu milimani kwa Washambaa, akaolewa na Mzigua na kushuka naye huku kwenye joto. Hakuacha kulilalamikia joto letu. Kila mchana alijipepea kwa ufuniko wa sufuria na kusema, "Hili jua la kwenu hili," kana kwamba sisi ndio tuliolitundika.

Babu simjui. Alifariki kabla sijazaliwa, na nilipozaliwa nikapewa jina lake.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Mke wa enzi za bibi hakutaja jina la mume wake, hata mume akiwa kaburini. Halikupita mdomoni mwake, na watu hawakulitaja mbele yake. Sasa jina hilo amepewa mtoto, na mtoto lazima aitwe, au atakula saa ngapi? Kwa hiyo bibi akaniita mgosi wangu. Baba, kwa kuwa nilibeba jina la baba yake, akaniita baba. Mama naye hakuweza kulitaja jina la mkwe wake, akaniita mzee. Nilikuwa na miaka tisa, meno ya mbele yanaota upya, na tayari nilikuwa mume, baba na mzee.

Usidhani nilidekezwa. Mama alinichapa kama watoto wengine, ila alisema, "Mzee, leo utanitambua!" Na kwa bibi ndoa ilikuwa kazi. Nilimletea kuni. Nilimjazia mtungi. Alikuwa anatumia ugoro, akiuweka kwenye kikopo kidogo cha dawa ya kikohozi, na kikopo kikiwa tupu alikitikisa masikioni mwangu: "Mgosi wangu, hii ni nini? Nyumba hii ina mwanaume kweli?" Nilikimbia. Nikirudi nilikuta chakula kimefunikwa, ugali wa moto na mchunga uliochemshwa na karanga. Alininawisha mikono kwa maji ya kopo, akakaa pembeni, akaniangalia nikila. Mchunga ni mchungu kwa mtoto. Niliumeza wote. Nilikuwa naona aibu mume kuacha mboga.

Nilikuwa na haya sana, kuliko sasa. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu nililijua na nikalimeza. Wakati wa mahindi tulikwenda kulinda nyani, sisi watoto wa kiume, kila mmoja na debe lake la kupiga. Siku moja nyani dume alinitolea meno nikatupa debe na kulia. Wenzangu walinizunguka. "Jike hilo! Mpeni kanga ajifunge!" Nyumbani mama alinifuta kamasi na kusema, "Jikaze, mzee. Wewe ni mwanaume." Bibi alipopata habari aliuliza jambo moja tu, kama nyani alikula mahindi mengi.

Mwaka huohuo, wakati wa palizi, bibi alikanyaga kisiki. Kilimwingia chini ya vidole vya mguu wa kushoto. Alificha. Alifunga majani na kitambaa akaendelea kupalilia, mpaka siku mama aliposikia harufu. Nesi wa zahanati aliitwa, akafungua kitambaa, akakifunga tena taratibu sana. Alipotoka nje nilikuwa nimesimama nyuma ya ukuta, nikamsikia anamwambia baba, "Weusi huu ukipita kifundo, mguu hatutaupata. Na bibi pia labda hatutampata. Apelekwe hospitali Korogwe, siyo keshokutwa, kesho."

Baba aliingia ndani. Mama na nesi wakamfuata, na mimi nikasimama mlangoni.

"Mama, lipo gari la mahindi linaondoka kesho asubuhi. Tunakwenda Korogwe."

"Nani anakwenda?"

"Wewe."

"Siendi."

Tulijua kwa nini. Babu alipelekwa huko akiwa ameshachelewa, akarudi amefunikwa shuka. Lakini bibi hakulisema hilo. Alivuta ugoro, akapiga chafya, akasema, "Mimi ni mke wa mtu. Sitoki katika nyumba hii bila ruhusa ya mgosi wangu."

"Mama, acha mzaha. Mguu unaoza."

"Mzaha? Si wewe mwenyewe unamwita baba? Au miaka yote ulikuwa unamdanganya mtoto?"

Baba yangu ni mtu mkubwa. Akibeba gunia la mahindi halimwinamishi. Siku ile alitoka nje ameinama. Alinikuta pale mlangoni, akanishika mkono mpaka kwenye jiwe la kunolea majembe, akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yake yakawa chini ya macho yangu.

"Baba," aliniambia, "umesikia. Mimi nimeshindwa. Mama yako ameshindwa, nesi ameshindwa. Umebaki wewe."

"Nimwambie nini?"

"Sema naye kama mwanaume."

Rafiki yangu, hapo ndipo nilipoona kitu ambacho bado kinanishangaza. Sikujua mwanaume anasemaje. Maneno ya kiume niliyajua mengi. Jikaze. Usilie. Wewe dume bwana. Acha mambo ya kike. Yote hayo yalikuwa ya kuambiwa. Sikuwa na hata moja la kusema.

Niliingia. Ndani kulikuwa na giza la mchana na harufu ile. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mgosi wangu. Umekuja kunipa ruhusa?"

Niliangalia mtungi, nikaona maji yamepungua, nikachukua ndoo nikatoka mbio kwenda kisimani. Nikarudi, nikajaza mtungi, nikatoka tena. Baba alikuwa bado amekaa kwenye jiwe. Hakuniuliza.

Ndipo alipofika jirani yetu mfugaji, Mmaasai mmoja mrefu aliyetuletea maziwa kila siku. Alimwita bibi yeyo, yaani mama, na mimi aliniita layoni, yaani kijana mdogo ambaye bado hajahesabiwa na wanaume. Kila siku alimtania bibi: "Yeyo, huyu layoni ndiye mume? Ng'ombe wako wa mahari alitoa wapi, au alichonga wa udongo?" Siku hiyo alipoambiwa hakutania. Alinipeleka nyuma ya zizi la mbuzi akanifundisha.

"Simama hivi. Fimbo shika hapa. Sauti toa tumboni, siyo puani. Sema: mama, simama, twende!"

"Mama, simama, twende."

"Hapana! Hiyo ni sauti ya kuku. Tena!"

Nilirudia mpaka mbuzi wakaanza kunikimbia. Nikachukua fimbo yake, iliyonizidi urefu, nikaingia kwa bibi, nikajitanua miguu na kupiga kelele, "Mama, simama, twende!"

Bibi aliniangalia. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka akashika mguu wake kwa maumivu huku bado anacheka. "Nenda kamrudishie mwenyewe fimbo yake," alisema. "Na mwambie kwamba mgosi wangu hajawahi kunipigia kelele. Hata siku moja."

Nilitoka. Nilimrudishia mfugaji fimbo. Nilitaka kwenda kujificha kwenye mahindi, lakini miguu haikufika huko. Nilirudi mlangoni kwa bibi nikakaa kizingitini, mgongo ukielekea ndani, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka anione. Nililia bila sauti. Nilikuwa naufikiria ule weusi unapanda kwenye mguu wake kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, na mimi ndiye mume, na sina neno.

Mama aliniletea chakula, sikula. Baba alipita mara mbili na majembe yasiyohitaji kunolewa. Kuku mmoja alikuja akanidonoa kidole cha mguu, nikamwacha. Jua lilitoka kwenye paa la jiko likashuka mpaka kwenye miti ya mipakani, na kengele za ng'ombe wa mfugaji zikapita upande wa kisimani. Nyuma yangu nilisikia bibi anajigeuza kitandani, ananyamaza, anajigeuza tena.

Karibu na magharibi aliuliza, "Nani huyo mlangoni?"

"Mimi."

"Bado uko hapo? Unangoja nini?"

Nilifikiri. Nilikuwa singoji kitu. Nilikuwa nimeshaacha kungoja.

"Singoji kitu, bibi."

"Sasa unafanya nini?"

"Nipo."

Kukawa kimya. Kimya kirefu, rafiki yangu, mpaka nikageuka kuangalia kama amekufa. Alikuwa amekaa kitako kitandani, kanga imemfunika uso wote, na mabega yake yanatikisika. Nikaogopa. Nilidhani nimemkosea. Halafu akasema kutoka ndani ya ile kanga, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mwambie mama yako anifulie kanga ya kijani. Siwezi kusafiri na hii."

Kesho yake tulipanda gari la mahindi. Baba alimlaza juu ya magunia na kukishika kichwa chake, na mimi nikaushika mguu usigonge kitu. Hospitali palikuwa na dirisha la kuandikishia, baba akamkalisha hapo, akarudi uani kutafuta kiti cha magurudumu, na dada mmoja mwenye daftari akamuuliza bibi jina lake, umri wake, kisha, "Jina la mume?"

Bibi akageuza uso ukutani.

"Bibi, jina la mume wako?"

Akaninyooshea kidevu. "Muulize mwenyewe huyo."

Yule dada aliniangalia, suruali ya shule na miguu ya vumbi. "Huyu? Haya, bwana harusi, tuambie basi unaitwa nani."

Watu kwenye benchi walicheka. Nilikuwa sijawahi kulitaja mbele ya bibi. Shuleni nililisema kila asubuhi wakati wa kuitwa majina, lakini shuleni lilikuwa langu. Nikalitaja, wazi, mpaka watu wa mwisho wa benchi wakasikia. Bibi alivuta kanga ya kijani usoni haraka, na chini ya pindo nilimwona anatabasamu, ameona aibu, kama mwari.

Walimkata vidole viwili. Mguu ukabaki.

Siku ya nne nilikaa naye baba alipokwenda kununua uji. Kutoka kwenye kile kitanda milima ya Usambara inaonekana, na kulikuwa na wingu limelala juu upande wa Vugiri. Bibi aliiangalia muda mrefu, kisha akauliza bila kunigeukia.

"Yale maneno uliyasikia kwa nani?"

"Maneno gani, bibi?"

"Ya mlangoni. Baba yako alikuambia?"

"Hapana."

Ndipo aliponisimulia. Siku alipochukuliwa kwenda kwa mumewe walishuka kwa miguu, yeye na babu na ndugu wa babu wawili. Ipo kona moja ambapo ukishaipita, kwenu hakuonekani tena. Alipofika hapo alikaa juu ya jiwe akakataa kwenda. Ndugu wale walimwambia babu, wewe mwanaume gani, mshike mkono umvute, mke hachekewi siku ya kwanza. Babu alitua mzigo wake. Akakaa chini, njiani, akampa mgongo, akaangalia bonde. Ndugu wakachoka wakatangulia. Bibi alimwambia, nenda, nami narudi kwa mama. Hakujibu. Jua likasogea. Baadaye bibi akauliza, kwa hasira, "Bado uko hapo? Unafanya nini?"

"Nipo," babu alimwambia.

"Hilo tu?" niliuliza.

"Hilo tu. Nikasimama mwenyewe." Akanigeukia. "Hakuna aliyekuwepo. Ndugu zake walishafika chini. Sijamsimulia baba yako, sijamsimulia mtu. Sasa wewe ulilitoa wapi?"

Niliiangalia mikono yangu iliyokuwa kwenye shuka lake, kucha zina uchafu, kidole kimoja kina alama ya kuku. Ilikuwa mikono yangu ya kila siku. Mtu ambaye sikumwona alikuwa amekaa mlangoni pamoja na mimi siku nzima na sikujua. Nimekuwa mkubwa, nimejua kwamba ni neno fupi na kila mtu hulisema mara kumi kwa siku. Najua. Lakini sijaacha kushangaa.

Bibi aliishi miaka sita tena, akichechemea, akilaumu jua letu. Alifariki wakati wa mahindi mabichi. Makaburini wanaume walinipiga mabegani, "Jikaze, mgosi, jikaze," na mimi nilikaa karibu na kaburi kwa sababu sikujua pengine pa kukaa. Udongo ulipokwisha kurudishwa, baba aliniita twende nyumbani.

Aliniita kwa jina.

Watu waligeuka. Miaka kumi na tano hajawahi. Na sikumlaumu. Yule tuliyekuwa tunamlindia masikio alikuwa chini ya udongo, na jina likawa jina kama mengine. Siku ya tatu mama naye akalisema, kwa woga kidogo, kisha akazoea. Sasa mwenye mashine analitaja kwa kelele kutoka upande wa pili wa barabara. Wake za siku hizi huwaita waume zao kwa majina, hata kwa kuyafupisha, na wala sisemi ni vibaya, wanapendana vilevile. Mimi tu nikilisikia langu sokoni, naangalia kwanza pembeni kama yupo bibi. Hapa sijaliandika, kama umeona. Yeye alilitunza mdomoni maisha yake yote, nami nikaja kulimwaga kwenye karatasi?

Pale Sindeni nyumba yake ilianguka mvua za mwaka juzi. Mlango uling'olewa ukafanywa wa banda la mbuzi. Kizingiti kipo, kimezama nusu kwenye udongo, na nikienda nakaa hapo kidogo. Baba ananiona, anapita na majembe yake.

Basi, tulikuwa kwenye mashine. Niliizima, watu wakanikodolea macho, na yule bibi mfupi akanigonga goti.

"Mgosi wangu, umelala?"

"Nipo, bibi," nilisema.

Nikawasha, nikamwaga mahindi yake kwanza. Mama mmoja kwenye foleni akaja juu, "Na sisi tuliofika tangu asubuhi?" Yule bibi hata hakugeuka. "Nyie si wake zake," akasema, akajipepea kwa ufuniko wa ndoo.

Nimeandika haya kwa siku kumi na moja. Nilitaka kukuuliza jambo moja tu, wewe unayesoma: kwenu ulipokuwa mdogo uliitwa nani, na nani aliyekuita hivyo, na amebaki nani wa kukuita? Niandikie. Usijali mwandiko, hauwezi kuuzidi wangu kwa ubaya. Kujibu nitachelewa, kwa sababu ya foleni na kwa sababu ya polepole yangu. Lakini nipo.